Sembène hahubiri

Nikiulizwa ni mwongozaji gani wa filamu ninayempenda kuliko wote, humtaja Ousmane Sembène wa Senegal, na hapo ndipo mabishano huanza. Wenzangu humtaja Scorsese, Nolan, Spielberg. Sina ugomvi na hao. Ugomvi wangu ni na hoja zinazotumika kumwondoa Sembène kwenye orodha, ambazo nyingi hutoka kwa watu ambao hawajaona hata filamu yake moja.

Hoja inayorudiwa mno ni kwamba Sembène anahubiri. Kwamba filamu zake ni somo la uraia lililowekewa picha. Nakiri hilo amejitakia, maana mwenyewe alizoea kuiita sinema shule ya usiku. Lakini tazama Borom Sarret ya mwaka 1963. Mwenye mkokoteni wa farasi anazunguka Dakar akitafuta riziki. Bwana mmoja aliyevaa nadhifu anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Askari anamsimamisha. Akiwa anatafuta karatasi zake, nishani yake inaanguka chini, na askari anaikanyaga. Kamera inatazama kiatu juu ya nishani, basi. Abiria keshatokomea, mkokoteni unachukuliwa, na mtu anarudi nyumbani na farasi wake bila senti. Senegal ilikuwa na uhuru wa miaka mitatu tu. Kweli, mwenye mkokoteni ananung'unika moyoni njia nzima, lakini kiatu kile kinasema zaidi yake.

Halafu kuna Mandabi ya 1968, ambayo ni ya kuchekesha, tena sana. Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na asiye na kazi, anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake aliyeko Paris. Za Dieng mwenyewe ni 2,000 tu. 3,000 ni za mama wa kijana, zilizobaki kijana awekewe. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa na picha. Cheti kinataka tarehe, naye haijui. Wakati huohuo mtaa mzima umeshasikia kwamba Dieng ana pesa, na wakopaji wamejaa mlangoni. Aliyewahi kuambiwa "njoo kesho" kwenye dirisha la ofisi ya serikali hahitaji kufafanuliwa. Na Dieng si malaika: anaamrisha wake zake, anakula mpaka anabeua, anapenda kusifiwa, anatembea na kanzu yake pana kama mwenye mji. Mhubiri angetupa steringi asiye na doa. Sembène anatupa mzee mwenye majivuno, kisha anatufanya tumwonee huruma.

Wengine husema kiufundi ni duni: sauti imepachikwa baadaye, waigizaji wengine wamekakamaa. Hapo wana haki kidogo. Katika La Noire de... ya 1966, Diouana, msichana wa kazi kutoka Dakar, anawaza kwa Kifaransa fasaha, na sauti yenyewe si ya mwigizaji tunayemwona. Inakera. Ila fuatilia kinyago alichowapa waajiri wake. Kule Dakar kilikuwa kimoja kati ya vingi nyumbani mwao. Antibes, Ufaransa, kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe, kama yeye. Baada ya Diouana kujiua, bwana anakirudisha Dakar. Mtoto anakivaa na kumfuata nyuma mtaa kwa mtaa, bwana akiharakisha hatua, akigeuka, akiharakisha tena. Mtoto hasemi neno. Nitajie mwongozaji mwenye bajeti kubwa aliyetisha watu kwa gharama ndogo namna hiyo.

Kuna wanaosema alikula fedha za Wafaransa. Mandabi, ndiyo, ilipata fedha za serikali ya Ufaransa, na ikabidi apige matoleo mawili, la Kifaransa na la Kiwolofu. La Kiwolofu ndilo watu wanaloliangalia leo. Na mwaka 1988 alitoa Camp de Thiaroye, aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, kwa fedha za Senegal, Algeria na Tunisia. Inasimulia jinsi jeshi la Ufaransa lilivyowaua askari wake wenyewe wa Kiafrika, Desemba 1944, kwa kudai malipo yao. Kibaraka wa Ufaransa hatengenezi filamu kama hiyo.

Eti lugha hatuijui? Tumelia na filamu za Kihindi bila kujua Kihindi, na Lufufu, mkalimani wetu wa filamu, alitutafsiria makungfu ya Kichina kwa namna yake mwenyewe. Tusilete visingizio.

Hoja ninayoiheshimu ni ile ya wazee: kwamba Sembène anadharau mila. Wanaitolea mfano Moolaadé ya 2004, inayohusu ukeketaji, jambo ambalo kwa watu wa Mara, Manyara au Narok si habari ya mbali. Wasichana wanaokimbia kisu wanajificha kwa mama mmoja, Collé. Anafunga kamba ya rangi mlangoni, na wakeketaji wanasimama hapo hapo. Hakuna askari wala sheria ya bunge. Kinachowazuia ni ulinzi wa jadi ambao kijiji kizima kinauogopa, wenyewe wakiuita moolaadé. Yaani mila inazuiwa na mila, na anayeijua vizuri zaidi ni mwanamke wanayemwita mkaidi. Wanaume wanajibu kwa kunyang'anya redio za wake zao na kuzichoma moto mbele ya msikiti, zikiwa bado zinaongea. Anayedharau mila asingejua kwamba kamba ile ina nguvu. Na alikuwa mzee wa miaka 81 alipoileta Cannes.

Sembène alifariki mwaka 2007. Borom Sarret, La Noire de... na Mandabi zimefanyiwa ukarabati, picha zake sasa ni safi. Anza na Borom Sarret, haimalizi nusu saa. Ukishaiona, njoo na mwongozaji wako tubishane.