MEZA YA CHAMA IWEKWE NJE, MACHONI PA WOTE

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu ujao utakuwa na jambo ambalo wengine wanaliona dogo: yale mawe bapa ya baraza ya ghala la zamani, na lile tela bovu la ng'ombe lililolala nyuma ya ghala, tuvifanyie nini? Mawazo ni matatu. Wapo wanaosema tela liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mawe yagawiwe watu wakajengee misingi. Wapo wanaotaka tuchange tununue meza ya mbao, ikae ofisini kwa karani. Sisi tunasema mawe hayo na chuma hicho vifanywe meza moja kubwa, ikae nje chini ya mwarobaini, mbele ya mizani.

Tukumbuke kwanza vyama vyetu vilizaliwa na nini. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi. Mtu anatoka nyumbani na mzigo anaoujua, akifika sokoni anaambiwa uzito mwingine. Hawakukaa wakilia. Waliungana, wakadai mizani isimamiwe na watu wanaowaamini, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, sheria ya 1982 ikavirudisha, na SHIRECU ya mkoa wetu ikaanza mwaka 1984. Mengi yamepita hapo katikati, lakini swali la mkulima ni lile lile: Je, kilo zangu zimeandikwa sawasawa?

Swali hilo lilisikika hapa hapa kwetu msimu uliopita. Mizani iko nje, kila mtu anaiona. Lakini daftari liko ndani! Karani anapigiwa kelele dirishani, anaandika, na mwenye pamba anasubiri nje kama mgonjwa anayesubiri dawa. Hatusemi kuna mtu aliyeiba. Tunasema kwamba shaka ni kama mchwa, haipigi kelele lakini inakula. Mwanachama mwenye shaka hapigani na mtu. Anapeleka tu pamba yake kwingine usiku, na chama kinakonda.

Kina mama ndio hasa waulizwe. Wao ndio wanaochuma na kuchambua pamba, safi huku na fifi huku, mpaka vidole vinachubuka. Lakini mara nyingi jina linaloandikwa ni la baba, na kilo anazijua baba. Meza ikiwa nje, mama aliyeleta mzigo atasimama pale pale, aone namba ya mizani na namba ya daftari, akienda nyumbani ana hesabu yake kichwani. Hilo pekee linatosha kutufanya tunyanyue mawe.

Tena si jambo geni. Wazee wetu walipokaa dagashida hawakujifungia chumbani. Walikaa chini ya mti, na neno lililosemwa lilisikika na wote.

Sasa, mbona jiwe na chuma, si mbao? Sote tunaujua mchwa wa Kishapu. Na miti yenyewe iko wapi? Enzi za ukoloni pori la Shinyanga lilifyekwa ili kumaliza mbung'o, kisha likafyekwa tena kwa ajili ya mashamba na kuni, mpaka nchi ikabaki kipara. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 kazi kubwa ilikuwa kurudisha ngitili. Watu waliohangaika hivyo kurudisha miti wasiende kununua mbao wakati mawe yamelala bure uani.

Kuhusu namna ya kujenga, tumewauliza mafundi na tumepima wenyewe. Meza iwe na urefu wa mita 2, upana sentimita 80, na kimo sentimita 75. Mawe yanahitajika vipande vitano, kila kimoja upana wa sentimita 40 na unene wa sentimita 4. Kipande kimoja cha jiwe gumu kama hili letu kina uzito wa kilo 34 hivi, kwa hiyo watu wawili wanakibeba bila taabu. Vyote pamoja ni karibu kilo 170, sawa na gunia moja na robo tatu za mahindi. Basi fremu ya tela isiachwe wazi katikati. Iwekewe vyuma vya kukingama, kimoja chini ya kila kiungo cha mawe, na ukingo wa kusimama pande zote ili mawe yakae ndani kama matofali kwenye kibao.

Mawe yasigandishwe kwa saruji. Chuma kikipigwa na jua kinatanuka, usiku kinasinyaa, na saruji itapasuka. Tuweke vipande vya tairi kuukuu kati ya chuma na jiwe. Mshona katambuga atatukatia. Siku jiwe moja likivunjika tunaondoa hilo moja, si meza nzima. Upande mmoja uwe chini kwa sentimita moja, ili maji ya mvua yateremke.

Kubwa zaidi ni ardhi. Udongo wetu wa mbuga unavimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Meza ikisimamishwa juu yake hivi hivi, mwaka wa pili mguu mmoja umezama, mwingine uko juu. Kwa hiyo tuchague ile sehemu ya luseni karibu na mti, si huku bondeni. Kila mguu uchimbiwe shimo la sentimita 60, nusu ijazwe changarawe na kushindiliwa, nusu ya juu imwagwe zege. Mifuko miwili ya saruji inatosha. Kazi hii ifanyike kabla ya mvua za Novemba.

Tunatoa na maonyo matatu. La kwanza, kuchomelea kusifanyike hapa uani. Cheche moja ikiangukia nyuzi za pamba tutapoteza ghala na jasho la kijiji kizima. Fremu ipelekwe kwa fundi Mhunze au Maganzo, irudi tayari imesuguliwa kutu na kupakwa rangi. La pili, chuma kikipungua, asije mtu na nguzo ya alama ya barabarani au bomba la kisima eti amejitolea. Huo ni wizi, na mezani petu hauingii. La tatu, tusipokee jiwe lililotumika kwenye machimbo ya dhahabu, hata likiwa bapa na zuri namna gani. Mawe hayo huenda yamegusa zebaki, na zebaki ni sumu. Hapa watu wataandika, lakini pia wataweka uji na viazi. Mawe ya ghala tunayajua yalikotoka. Hayo yanatosha.

Wapo watakaosema tela likiuzwa tutapata hela. Kweli, tutapata. Hela hiyo itatosha soda za mkutano mmoja, kisha tutabaki bila tela na bila meza. Wengine watasema jiwe ni zito, meza haitahamishika. Jamani, hiyo ndiyo faida yake! Meza ya mbao leo iko ofisini, kesho iko kwa kiongozi, kesho kutwa haijulikani. Hii haitabebwa na mtu. Na anayeuliza daftari litakuwaje wakati wa mvua, jibu ni fupi: daftari linatoka na mizani asubuhi na kurudi ndani jioni. Meza ndiyo inayolala nje.

Hata usafi wa pamba utapata pa kupimiwa. Chukua konzi ya pamba, ikung'ute juu ya jiwe tupu. Kama ina mchanga, utauona na kuusikia. Mwenye pamba safi atasifiwa mbele ya watu, na mwenye kuongeza mchanga ataona haya mbele ya watu hao hao. Pamba ya mmoja ikichafuka, bei ya wote inaumia.

Tunajua meza haitamfanya mtu kuwa mwaminifu. Mwenye nia mbaya anaweza kuandika uongo hata juani. Ila ataandika akiwa ametazamwa na macho ya watu ishirini waliopanga foleni, na kila mmoja wao anajua kusoma namba za mizani. Kazi hiyo ya kutazama haiwezi kufanywa na jiwe wala chuma. Ni yetu.

Basi ndugu, mkutanoni tunyooshe mikono kwa meza ya nje. Vijana wachimbe mashimo, wenye mikokoteni wapeleke fremu kwa fundi, na kamati itoe fedha za saruji, rangi na ujira, kisha hesabu ya fedha hizo ibandikwe hapa ukutani. Msimu ukifunguliwa, kilo ya kwanza iandikwe juu ya jiwe, tukiwa tumesimama wote.

Umoja ni nguvu.