Injini Iliyofungwa Upya Haizoezwi kwa Kunguruma Uani

Askari anajua kwamba kuruta hafunzwi vita kwa kusimamishwa uwanjani kutwa nzima, wala hapelekwi mstari wa mbele siku ile ile aliyovikwa sare. Ajabu ni kwamba kanuni hii, ambayo kila mmoja wetu huikubali kwa binadamu, tunaisahau mara tunapofungua boneti ya gari letu wenyewe.

Jumapili moja nilipokuwa nikipita Nyarutarama, hapa Kigali, nilisikia injini ikinguruma nyuma ya ua. Niliporudi baada ya saa tatu, ilikuwa ikinguruma vile vile. Mwenye gari, askari mstaafu mwenzangu, alinieleza kwa furaha kwamba silinda zimechongwa, pistoni na ringi ni mpya, na fundi amemwagiza aiache injini iende taratibu mpaka jioni ipate kuzoea. Sikuthubutu kumcheka, kwani miaka iliyopita nami nilitii agizo kama hilo. Gari langu lilianza kula oili tangu mwezi wa kwanza, likatoa moshi wa buluu, na kabla deni halijaisha nililazimika kuifungua injini tena.

Desturi hii ni ya makosa, na yafaa tuiache. Fundi anapomaliza kuchonga silinda huacha ukutani mwake mikwaruzo myembamba inayopishana. Mikwaruzo hiyo hushika oili, tena hufanya kazi ya tupa: huzisugua ringi mpya mpaka zilingane na ukuta. Lakini kinachozibana ringi barabara ni nguvu ya gesi inayowaka juu ya pistoni, na injini isiyo na mzigo ina nguvu hiyo kidogo mno. Ringi huteleza tu, oili iliyobaki ukutani huungua ikawa utando mgumu kama kioo, na mikwaruzo huzibwa kabla haijamaliza kazi yake. Mara nyingi hapo hakuna dawa ila kufungua upya.

Wako watakaosema kwamba wazee wetu waliendesha magari yao kwa upole kilomita elfu nzima, na magari yakadumu. Ni kweli, upole unatakiwa. Lakini gari lile la mzee lilikuwa barabarani. Lilibeba uzito wake, likapanda na kushuka. Halikufungiwa uani.

Basi utaratibu ni huu. Kabla ya kuwasha, ondoa plagi na uzungushe injini kwa stata mpaka geji au taa ionyeshe kwamba oili imepanda. Hakikisha rejeta imejaa maji. Tumia oili ya kawaida, si ya sinthetiki. Washa gari mahali penye hewa, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wake huua bila kelele. Injini za zamani zenye tapeti bapa huhitaji kuzungushwa mara 2,000 hivi kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, ili kamshafti irushiwe oili ya kutosha. Injini nyingine, zikishapata moto na kuonekana hazivuji, zitoke.

Hapo ndipo mkazi wa Kigali ana bahati. Mji huu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako kani ya hewa imepungua kwa kama sehemu moja ya sita kuliko pwani. Kwa hiyo, mafuta yakikanyagwa kwa kiasi kile kile, injini hupata nguvu ndogo zaidi ya kubana ringi. Lakini vilima vinafidia. Panda mlima kwa gia ya chini, ukikanyaga mafuta kwa nusu au zaidi kidogo bila kuikaba injini. Ukifika juu, achia mafuta ushuke katika gia ile ile. Kupanda huzibana ringi. Kushuka huvuta oili ikaosha unga wa chuma. Fanya hivyo mara kumi, ukitazama geji ya joto. Kisha rudi, ipoe, kague mivujo, na umwage oili hiyo pamoja na filta yake kabla ya kilomita 100. Ibadilishe tena kwenye kilomita 500. Mpaka zitimie kilomita 1,000, usivute gari jingine, usibebe shehena, wala usishike mwendo mmoja safari nzima.

Yote haya yafanyike ndani ya sheria. Kamera ambazo watu wa hapa wameziita Sofia hazitambui injini mpya, na askari anayekamata wengine kwa mwendo wa kasi hana udhuru wa kusema alikuwa akijaribu gari. Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni, kwa kuwa maji ya vilima vya Nyarutarama hushuka mabondeni, liliko ziwa. Iwekwe kwenye debe, ipelekwe gereji.

Wengi wetu hutengeneza injini kwa mkopo, uwe wa Zigama CSS au wa kwingineko, na mshahara hukatwa mwezi hadi mwezi. Fedha hiyo ni karo ya watoto na chakula cha nyumbani. Ni aibu kuipoteza kwa sababu ya saa chache za mwanzo zilizotumiwa vibaya. Fundi akikuagiza uiache injini ingurume uani mpaka jioni, mshukuru kwa kazi yake, kisha chukua ufunguo uelekee mlimani.