Mkimbiaji Aliyegeuka Mwalimu



Katika nyumba nyingi za Manika twasikia ugomvi mmoja. Kijana hodari wa mbio arudi jioni, vumbi limempanda hata magotini. Baba amkemea: «Mbio zitakupa nini? Shika daftari!» Kijana naye awaza kinyume: kwa kuwa nina mbio, daftari la nini? Wengine huacha vyote viwili, wakafuata fedha ya haraka katika mashimo ya shaba na kobalti. Leo twataka kuwasimulia habari za mtu ambaye hakuacha hata kimoja, ili baba na mwana wapate kupatana.

Mtu huyo ni Paul Ereng, Mturkana wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1967. Alisoma Starehe, Nairobi, shule iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya wavulana maskini. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Huko vyuo vingi huwalipia karo wanafunzi hodari wa michezo, lakini kwa sharti: alama za masomo zikishuka chini ya kiasi kilichowekwa, mwanafunzi haruhusiwi kushindana, hata akiwa na mbio kama swala.

Ereng alikuwa mkimbiaji wa meta 400. Mwaka 1988 ndipo aliposhika mbio za meta 800. Hizi ni mizunguko miwili ya uwanja, na anayemaliza nguvu zake katika mzunguko wa kwanza hujuta katika wa pili. Mwaka uleule, angali mwanafunzi, alisimama katika fainali ya Olimpiki mjini Seoul pamoja na Joaquim Cruz wa Brazili, bingwa wa mwaka 1984, na Said Aouita wa Moroko. Wenzake walipoondoka kwa kasi, yeye alitulia nyuma. Mwishoni akawapita, hata Cruz mwenyewe, akamaliza wa kwanza kwa dakika 1 na sekunde 43.45.

Lakini siku za mkimbiaji ni chache. Akipita miaka thelathini, vijana humwacha nyuma, na wengi hubaki na medali ukutani na mikono mitupu. Ereng hakukaa kusimulia ushindi wake. Mwaka 2003 alishika kazi ya kufundisha wakimbiaji katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, ambako zamani alisoma Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha huko Moscow mwaka 1980.

Kazi hiyo haina makofi mengi. Mwalimu wa mbio huandika mazoezi ya kila juma, hushika saa kando ya uwanja, hujua nani ana maumivu ya goti na nani amekesha kwa ajili ya mtihani. Tena sharti ajue siku ya kumzuia kijana asikimbie. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye bingwa wa Olimpiki aliinama.

Matunda yakaonekana. Mkenya Emmanuel Korir alifika chuoni hapo akafundishwa naye. Mwaka 2017 alishinda meta 800 katika mashindano ya vyuo vya Marekani, ya ukumbini na ya uwanjani. Mwaka 2021, huko Tokyo, alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mbio zilezile alizoshinda mwalimu wake miaka 33 kabla yake.

Basi, baba, usimnyang'anye mwanao viatu. Mwulize kwanza daftari. Akikuonyesha kazi iliyokamilika, mwache akimbie. Nawe kijana, usiidharau diploma ya Serikali kwa sababu ya miguu yako. Miguu yaweza kukufikisha kwenye mlango wa chuo, lakini huwezi kuketi darasani kwa miguu.

Neno la mwisho ni kwenu mliokimbia zamani, ambao leo ni waalimu au mafundi wa migodi. Mtaani kwenu wako watoto wanaokimbia kila jioni, wala hapana mtu wa kuwashikia saa. Jioni mbili kwa juma zatosha kuanza.