Nyuma ya Tuta: Bwawa la Mapumziko na Amri ya Tano

Kila msimu wa mvua unapokaribia, taifa la Mungu huombea mvua ya kutosha, na hufanya vema. Ni mara chache tunapoyakumbuka mabwawa madogo ya udongo yatakayoipokea mvua hiyo. Tunayo mengi: malambo ya kunyweshea mifugo, mabwawa ya mashamba, na yale ambayo kazi yake ya kwanza imekwisha na sasa yamebaki kuwa mahali pa kupumzikia, ambapo wanakwaya hupiga picha na familia huketi kivulini Jumapili alasiri. Baadhi yake yamo katika maeneo ya misheni na ya shule. Ndiyo sababu tunapenda kulitafakari tukio moja la mbali, lililoipata taasisi ya Kikristo isiyotofautiana sana na zetu.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 6 Novemba 1977, yapata saa saba na nusu, tuta la bwawa la Kelly Barnes lilibomoka juu ya chuo cha Biblia cha Toccoa Falls, katika jimbo la Georgia nchini Marekani. Watu 39 walipoteza maisha, na 20 kati yao walikuwa watoto. Familia za wanafunzi zilikuwa zimelala katika nyumba nyepesi kandokando ya kijito. Bwawa lenyewe halikuwa kubwa. Kimo cha tuta kilikuwa kama mita 13, kimo ambacho wengi wetu tungekipanda bila kuhema.

Historia yake ndiyo inayotugusa zaidi. Tuta lile lilijengwa na kuongezwa kwa awamu ili kuzalisha umeme wa chuo. Mwaka 1957 uzalishaji huo ulikoma, na bwawa likabaki ziwa la kuburudishia macho na kuvulia samaki. Bwawa linaloendesha mtambo lina mtu anayelazimika kulitazama kila siku, kwa maana maji yakipungua taa zinazimika. Bwawa la starehe halina mtu huyo. Wote hutazama maji, wala hakuna anayeshuka kutazama nyuma ya tuta. Huko nyuma, mwaka 1973, picha ilikwisha kuonesha udongo uliomeguka na kuteleza katika mteremko wa upande wa chini.

Wachunguzi hawakuitaja sababu moja pekee. Walizungumzia mteremko uliokuwa mkali mno, mvua ya siku kadhaa iliyoulowesha udongo hadi ukashiba, na maji yaliyokuwa yakipenya ndani ya tuta. Kwa lugha nyepesi, tuta la udongo huuawa kwa njia mbili kuu. Ama maji hupita juu yake na kulikata, kwa kuwa utoro, yaani mfereji wa kupitishia maji ya ziada, ni mdogo au umezibwa. Ama maji hujipenyeza ndani yake na kubeba chembe za udongo kidogo kidogo, hadi panatokea tundu. Miti tunayoipenda kwa kivuli chake husaidia uharibifu huo, kwani mizizi inapooza huacha njia ndani ya tuta. Mashimo ya wanyama hufanya vivyo hivyo. Na wako wanaoziba utoro kwa mawe na nyavu ili samaki wasitoroke. Nia yao tunaielewa, lakini wanaufunga mlango pekee wa dharura.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Marekani tu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba moja huko Solai, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka wakati wa mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 wakafariki dunia.

Baada ya maafa kama hayo, sisi mapadre huitwa kuzika. Hapo ndipo kishawishi kilipo: kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu, na kuiacha familia na neno hilo. Bwana wetu alipoulizwa juu ya waliouawa, aliwataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Nayo Torati, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, humwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, asije akabeba hatia ya damu mtu akianguka. Mungu hamlaumu aliyeanguka. Anamwuliza mwenye nyumba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, inafuata njia hiyo hiyo: kumweka mtu katika hatari ya kifo bila sababu nzito kunakatazwa na Amri ya Tano. Uzembe wa muda mrefu, hata ukiwa wa taasisi ya kidini yenye nia njema, haugeuki kuwa mapenzi ya Mungu siku tuta linapobomoka.

Marekani ilikuwa na sheria ya ukaguzi wa mabwawa tangu mwaka 1972, lakini ukaguzi wa yale ya watu binafsi ulianza kwa dhati baada ya Toccoa, Rais Jimmy Carter, mwenyeji wa Georgia, alipouagiza. Tanzania nayo inayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, inayogusa pia usalama wa mabwawa, na zipo Bodi za Maji za Mabonde za kuwaendea.

Tunaziomba halmashauri za walei zenye bwawa katika eneo la parokia ziliweke jambo hili katika ajenda kabla ya masika. Watu wawili walitembee tuta zima, hasa nyuma yake, wakitafuta nyufa, mahali palipobonyea na palipo na unyevu. Maji yanayochuruzika yakiwa maangavu, yafuatiliwe. Yakiwa na tope, yanabeba tuta lenyewe, na wakazi wa bondeni waondoke kwanza, barua ziandikwe baadaye. Wakazi hao waambiwe mapema, kwa majina ya nyumba zao, bwawa likoje. Na pale fedha za ukarabati zisipopatikana, maji yapunguzwe kwa uangalizi wa mhandisi, hata kama samaki na mandhari vitapotea.