Fear Factory na Ngoma Zisizo na Mpigaji

Najua nimepotea. Kuna mradi ulionikaba shingo karibu miezi miwili na ukurasa huu ukaota nyasi. Leo sina habari za seva wala hifadhidata, leo nataka tubishane kuhusu muziki. Wewe uliyezoea kuja hapa kutafuta mambo ya tarakilishi usikimbie. Tutafika huko kabla hujamaliza chai.

Bendi yenyewe ni Fear Factory, ya Los Angeles. Kwa wasioijua, ni muziki wa metali: magitaa yanayonguruma na mtu anayepiga kelele kama amebanwa kidole na mlango, ila ndani yake kuna milio ya viwanda na vinanda vya umeme. Burton C. Bell ndiye aliyeimba miaka mingi, akinguruma kwenye ubeti kisha ghafla anaimba kiitikio kwa sauti nyororo kama mwanakwaya. Dino Cazares ni wa gitaa. Raymond Herrera ndiye aliyepiga ngoma kwenye albamu sita za mwanzo. Kati ya 1992 na 2021 wametoa albamu kumi za studio, na karibu zote zinazunguka swali moja: mtu na mashine, nani atamtawala mwenzake? Hata ile ya kwanza, Soul of a New Machine, ina jina linalokaribiana sana na la kitabu cha Tracy Kidder cha 1981, kuhusu wahandisi wa kampuni ya Data General waliokesha wakiunda kompyuta mpya. (Kitafuteni hicho kitabu. Yeyote anayeandika programu kwa riziki yake atajiona humo.)

Sasa wape mashabiki wa bendi hii kazi ya kuzipanga hizo albamu kumi kutoka bora hadi duni. Utajuta.

Juu kabisa hakuna vita vikali. Wengi watakuambia Demanufacture ya 1995, wachache watang'ang'ania Obsolete ya 1998. Wa Obsolete wana hoja: ina hadithi kamili iliyoandikwa kwenye kijitabu chake kama filamu, ina vinanda vya nyuzi mwishoni, na ndiyo iliyowaletea jina kubwa baada ya kuurudia wimbo Cars wa Gary Numan, Numan mwenyewe akiwa ndani. Katikati ndipo watu huanza kuvuana mashati. Archetype ya 2004 ilitengenezwa bila Cazares, kwa hiyo wapo wanaosema haistahili hata kuitwa Fear Factory. Mechanize ya 2010 ilimrudisha Cazares lakini Herrera hayumo, ngoma kapiga Gene Hoglan, na wapo wanaosema hayo hayo kuihusu. Digimortal ya 2001 ina B-Real wa Cypress Hill akighani, na kuna watu hawajasamehe mpaka leo. Transgression ya 2005 ina wimbo wa U2. Sitaongeza neno.

Lakini ubishi ninaoutaka mimi uko karibu na mkia wa orodha, na unahusu The Industrialist ya 2012. Albamu hiyo haina mpiga ngoma. Kila pigo unalolisikia liliandikwa kwenye kompyuta. Mashabiki wengi huiweka namba nane au tisa, na ukiwauliza sababu, wanakujibu neno moja tu: ngoma.

Nilipoisikia mwaka ule niliwacheka. Bendi imeimba habari za mashine miaka ishirini, imeleta mashine ya kweli, nyinyi mnalia? Mimi naandika programu, nitaichukiaje kompyuta iliyofanya kazi yake vizuri? Nilibishana na watu hadi usiku wa manane nikiitetea. Nimebadilisha mawazo, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Turudi kwanza kwenye Demanufacture. Mimi niliipata kwenye CD ya kuchomwa, zile za MP3 mia moja na hamsini kwa bei ya chipsi. Aliyeichoma alizipanga nyimbo kwa alfabeti, kwa hiyo kwa miaka kadhaa niliamini albamu inaanza na A Therapy for Pain, wimbo wa karibu dakika kumi unaotambaa polepole kama ukungu. Kumbe ndio wa mwisho! Nilipopata mpangilio halisi nilihisi kama mtu aliyesoma riwaya kuanzia nyuma. (Na humo humo kuna wimbo unaoitwa Self Bias Resistor. Bendi gani nyingine inaupa wimbo jina la kipande cha saketi?)

Jambo la ajabu katika albamu ile ni miguu ya Herrera. Ile ngoma kubwa ya chini hupigwa kwa pedali mbili, mguu huu na ule, na mkono wa kushoto wa Cazares unapiga gitaa pigo kwa pigo pamoja nayo. Vikisimama, vinasimama pamoja. Vikianza, vinaanza pamoja. Sauti yenyewe imesafishwa studioni mpaka kila pigo linafanana na jirani yake. Si ajabu kulikuwa na wasikilizaji walioapa kwamba ile ni mashine. Wapi! Ni mtu mwenye jasho.

Nilitaka kujua kwa nini basi The Industrialist hainishiki kifuani vile vile, wakati kwenye karatasi vitu ni vile vile. Nikaandika kiprogramu kidogo. Hesabu ni rahisi: chukua mwendo wa mapigo 180 kwa dakika, kila pigo uligawe mara nne, unapata mapigo 720 kwa dakika, yaani 12 kwa sekunde. Kati ya pigo na pigo ni milisekunde 83 hivi, na kila mguu unabeba mapigo sita kila sekunde. Nikairekodi sauti moja ya ngoma, nikaiambia kompyuta iirudie bila kukosea. Matokeo yalikuwa kama kinu cha posho mill kinachosikika ukiwa barabara ya pili. Safi kabisa, na baada ya nusu dakika masikio yanaacha kukisikiliza.

Sawa, nikasema, tuongeze ubinadamu. Nikaweka namba za nasibu, kila pigo lisogee mbele au nyuma kwa milisekunde chache. Hapo ikawa mbaya zaidi! Sasa ilisikika kama mashine iliyolewa.

Ilinichukua muda kuelewa kosa langu. Nilidhani binadamu ni mashine pamoja na makosa ya bahati nasibu, na siyo. Makosa ya mtu yana kumbukumbu. Mpiga ngoma akiwahi kidogo, mguu unajua umewahi, mapigo yanayofuata yanajirekebisha, pengine yanapitiliza, yanarudi tena. Anachoka kuelekea mwisho wa ubeti. Anauona mgeuko wa wimbo unakuja anajikaza. Kila pigo linatokana na yaliyotangulia. Kwenye kiprogramu changu pigo la mia tano halikujua lolote kuhusu pigo la mia nne tisini na tisa.

Na hapa ndipo The Industrialist inaponiuma. Hadithi ya albamu ile inahusu roboti linalopata fahamu kwa sababu limeanza kukumbuka. Wazo zuri kuliko yote waliyowahi kuwa nayo, mimi naamini hivyo. Nyimbo nazo si mbaya, Recharger nitausikiliza siku yoyote. Lakini chini ya hadithi ya mashine inayokumbuka kuna ngoma zisizokumbuka chochote.

Usinielewe vibaya, simlaumu mtu kwa kutumia mashine. Watazame Godflesh wa Birmingham, Uingereza, Justin Broadrick na G. C. Green. Streetcleaner yao ya 1989 imepigwa na mashine ya ngoma na ni moja ya nguzo za muziki huu. Mashine ile haijifichi. Inapiga polepole, kwa ukatili, bila huruma, kama nyundo ya kiwanda ambacho mwenyewe alikufa zamani. Halafu 1996 wakaleta mpiga ngoma wa damu na nyama kwenye Songs of Love and Hate, na 2001 mwingine kwenye Hymns. Mnajua mashabiki wao wanabishania nini? Wapo wanaosema binadamu ndiye aliyeharibu! Waliporudi 2014 na A World Lit Only by Fire, mashine ilirudi kitini pake na watu wakashangilia. (Ulimwengu wenyewe ni mdogo: Demanufacture ina wimbo wa Head of David, bendi ambayo Broadrick aliwahi kuipigia ngoma kwa mikono yake.)

Hata hapa kwetu Nairobi tuna mfano. Duma, jamaa wawili, walitoa albamu yao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ngoma zake ni za umeme, na kuna sehemu zinakwenda kasi ambayo hakuna mguu wa mama yeyote aliyezaa ungeiweza. Sijasikia mtu akidai mpiga ngoma. Mashine pale inafanya kazi ambayo mtu hawezi, na inafanya waziwazi.

Kwa hiyo wanaoizomea The Industrialist wana haki, ila wanataja sababu nusu. Kosa si mashine kupiga. Kosa ni kwamba mashine iliandikiwa yale yale ambayo angepiga mtu, kwa namna ya mtu, ikakalishwa kwenye kiti cha mtu, tukaombwa tusitazame kiti. Fear Factory tuliwapenda kwa sababu walikuwa watu waliojilazimisha kufanana na mashine. Ule mvutano ndio uliokuwa wimbo. Ondoa mtu, mvutano umekwisha. Unabaki na mashine inayoiga mtu anayeiga mashine.

Mtaniuliza mbona nimebadilika baada ya miaka yote hii. Ni kazini. Mwezi uliopita nilikuwa napitia kazi ya kijana mmoja, sehemu ya kushughulikia malipo. Imeandikwa nadhifu, majaribio yote yamepita. Nikaona kwamba malipo yakikwama, programu inajaribu tena mara saba. Nikamuuliza, kwa nini saba na si mbili? Na kama jaribio la kwanza lilifika ila jibu ndilo lililochelewa, mteja si atakatwa pesa mara saba? Akanitazama, akasema kwa upole, "Boss, akili mnemba ndiyo iliandika hivyo." Hakuwa mvivu. Kulikuwa hakuna mtu wa kuulizwa, basi. Nilikaa pale nikitazama ile saba na kichwani mwangu zikaanza kulia ngoma za 2012.

Na mimi pia natumia zana hizo hizo kila siku, nisiwadanganye.

Wale mashabiki walalamishi, kwa njia fulani, walisikilizwa. Mwaka 2020 Cazares alichangisha pesa kwa watu ili akamilishe albamu iliyokuwa imekwama, na sehemu ya alichotaka ni kuondoa ngoma zilizoandikwa na kuweka za Mike Heller. Ikatoka 2021 kwa jina Aggression Continuum, Bell akiwa ameshaondoka ingawa sauti yake imo. Kisha 2023 wakaitoa upya The Industrialist kwa jina Re-Industrialized, huyo huyo Heller akipiga juu ya nyimbo zile zile. Miaka kumi na moja kusubiri marekebisho! Hata mimi sijawahi kuchelewesha toleo kiasi hicho.

Nimewasikilizisha jamaa wawili ofisini matoleo yote mawili bila kuwaambia lipi ni lipi. Mmoja alitambua mara moja. Mwingine hakusikia tofauti yoyote, akaniuliza kama tumemaliza arudi kazini. Nakubali kwamba hiyo ni hoja dhidi yangu. Zaidi ya hapo, studio za siku hizi humnyoosha hata mpiga ngoma wa kweli kwenye gridi, kila pigo likavutwa mahali pake kwa kompyuta, na huenda tunachobishania ni milisekunde zilizobaki baada ya fundi kupita. Lakini mimi nazisikia. Heller anapoingia kwenye kiitikio kuna kujikaza fulani hivi, na lile roboti la kwenye hadithi linaanza kunihusu.

Haya, orodha yangu, mjiandae kurusha mawe: Demanufacture, Obsolete, Mechanize, Archetype, Soul of a New Machine, Genexus, Aggression Continuum, The Industrialist, Digimortal, Transgression. Ukinipa Re-Industrialized mahali pa ile ya 2012, naipandisha hadi namba sita na Genexus ishuke. Zaidi ya hapo sipandi, kwa sababu Obsolete nayo ina wenyewe na mmoja wao anakaa dawati la pembeni yangu.