"Inafanya Kazi, Usiiguse": Msemo wa Kuzikwa

Watunga programu wana msemo wanaopeana kama hirizi: "Inafanya kazi, usiiguse." Inafanya kazi wapi, jamani? Kwa namba zipi?

Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa na satelaiti nne za utafiti. Hata dakika haikumaliza. Ilipinda ghafla, ikavunjika, ikajilipua. Kisa ni msimbo uliorithiwa kutoka Ariane 4, ambako haukuwahi kuleta neno. Roketi mpya iliongeza kasi ya kwenda upande haraka zaidi, namba ikakua kuliko nafasi iliyotengewa, ambayo mwisho wake ni 32,767. Mtambo wa uelekeo ukazima. Na wa akiba je? Ulibeba msimbo uleule, na ulikuwa umeshazima kabla ya mwenzake. Akiba gani hiyo! Kisha mtambo ukatuma ujumbe wa hitilafu, kompyuta kuu ikausoma kama taarifa za safari, ikaugeuza usukani.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: hesabu ile haikuwa na kazi yoyote kwenye Ariane 5 baada ya kuondoka chini. Iliachwa humo kwa sababu, kwa mujibu wa kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions, haikuonekana busara kubadilisha programu iliyofanya vizuri kwenye Ariane 4. Hirizi ileile.

Najua nitaambiwa, "Nani ana muda wa kuandika kila kitu upya?" Hakuna aliyesema hivyo. Ukinunua shati la mtumba unaligeuza, unakagua mshono, unalijaribu mwilini mwako, si mwilini mwa aliyelivaa kwanza. Msimbo wa mwenzako nao usome, uulize ulitungwa kwa mazingira gani, uupe namba zako zilizo kubwa kuliko zote. Ukigoma, soma ujumbe wa hitilafu mpaka mwisho kabla hujashika kibodi, halafu badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Wengi hubadilisha vitano, kikikubali hawajui kipi kilichoponya, wanaita hiyo kazi.

Kabla ya kuruka, mtambo ule haukujaribiwa kwa njia ya safari ya Ariane 5. Baada ya ajali ndipo jaribio lilipofanyika kwenye kompyuta, na kosa likajirudia vilevile, hatua kwa hatua.