Mwenye Kalamu na Mwenye Uamuzi



Wazazi kadhaa wametuuliza swali linalofanana: binti au kijana wao amehitimu CPA, amefanya kazi ya uhasibu miaka michache, na sasa ameitwa benki, kwenye kitengo cha fedha na uwekezaji, kwa mshahara mkubwa zaidi. Je, aende?

Tuzitenganishe kwanza kazi hizi mbili. Mhasibu huandika yaliyokwisha kutendeka: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Mtu wa fedha huamua yatakayotendeka: nani apewe mtaji, kwa sharti gani, na hasara ikitokea nani aibebe. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Mwenyezi Mungu ameitukuza kalamu ya hesabu katika aya iliyo ndefu kuliko zote, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayoamrisha deni la muda liandikwe kwa uadilifu. Lakini katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Ikiwa mwandishi hakusalimika, anayekalia kiti cha uamuzi asidhani yu mbali.

Alhamdulillahi, nchini mwetu mlango wa halali upo. Tangu mwaka 2008 zimekuwako benki zinazoendeshwa kwa misingi ya sharia. Humo mhasibu huingia na kipawa ambacho wengi hawana, nacho ni jicho la kusoma stakabadhi.

Tupige mfano wa murabaha. Mama mshonaji anahitaji cherehani ya shilingi 60,000. Benki huinunua, ikaimiliki, kisha ikamuuzia kwa 66,000, alipe 5,500 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Faida ameijua tangu mwanzo, na bei haipandi akichelewa. Sasa zitazameni tarehe. Ikiwa mama ameuziwa tarehe 3, na benki imeinunua cherehani tarehe 9, benki imeuza isichokuwa nacho, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam. Na ikiwa hapakununuliwa cherehani yoyote, mama amepewa 60,000 mkononi ili arudishe 66,000, hiyo ni riba hata karatasi ikiitwa murabaha. Katika hali zote tatu hesabu ni zile zile, na mizania italingana bila kasoro. Kilichobadilika ni hukumu.

Kwa hiyo anayehama hana budi kurudi darasani mara mbili. Kwa elimu ya uwekezaji, KASNEB inayotahini CPA inao pia mtihani wa CIFA. Kwa fiqhi ya miamala, akae mbele ya mwanachuoni asome ijara, mudharaba na musharaka. Akitaka hati, AAOIFI ya Bahrain hutahini wahasibu na wakaguzi wa sharia. Na kabla ya kutia sahihi aulize: nitaidhinisha nini? Bodi ya sharia ikikataa muamala, neno lake hufuatwa? Nikikataa mimi, nitasikilizwa?

Neno la mwisho ni kwenu wazazi na waume. Chumo la mwanamke ni lake kisharia. Basi asisukumwe kwenye kazi inayomtia shaka kwa sababu kodi ya nyumba imepanda au harusi ya mdogo wake imekaribia. Akiuacha mshahara mnono kwa kumcha Mola wake, msimhesabie hasara. Na akiingia palipo safi, mwombeeni, kwani amebeba amana za mayatima, wajane na wachuuzi wasioweza kuisoma mikataba yao.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali Yake, atuepushe na haramu. Amin.